Ua la Kwenye Maji ya Kunywa

Kwa mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Nakuombea uwe mzima, na goti lako liwe limetulia. Mie mwili mzima, alhamdulillahi, ila moyo haukai. Nimeandika kwa sababu kwenye simu mwanangu Rehema husikia, na haya yanamhusu yeye.

Hapa Al Hamra, huku ughaibuni, sina wa kusema naye Kiswahili ila Bibi Zuwena ninayemuuguza. Akilala, nyumba nzima kimya, nami hutoka nikaenda falaji, ule mfereji wa maji ya mlimani. Juzi nikaona ua la porini limeota kwenye jiwe linalochuruzika maji. Bua refu, maua madogo ya kijani yenye wekundu ndani, kila moja kama limefungua mdomo. Nikamkumbuka mwanangu, ulivyonisimulia anavyojitosa bondeni kuchuma yungiyungi mpaka umfuate na ufito. Nikaling'oa na mizizi yake nimwoneshe.

Kumbe ni pale juu watu wanapoteka maji ya kunywa! Huku mfereji una daraja zake: juu kunywa, chini yake kuoga, kisha kufua, mwisho mitende. Jirani alinipigia ukelele, ndoo yake tope tupu. Bibi akacheka mpaka akakohoa: "Lahaula! Mpemba wewe, umewanywesha watu udongo! Kalirejeshe, hilo bila ya maji miguuni halifiki alasiri."

Kabla ya kulirejesha ndipo nikakupigia simu ya video. Siku nyingi Rehema alikuwa hataki simu, siku ile akaja. Akalitazama ua, mimi hakunitazama. Akakwambia wewe, "Bibi, lina ulimi!" Kisha akaniuliza, "Shangazi, linakunywa nini huko?" Wewe ukamkaripia, "Shangazi nani? Mama yako huyo!" Akakimbia.

Mama, usimkaripie tena. Nilimwacha hajaacha ziwa vizuri, atanijuaje? Kama ni shangazi ndiye anayemuuliza maswali, basi na awe shangazi. Mwambie linakunywa maji ya jabali, nimelirudisha kwenye jiwe lake na limeshika.

Mwenye nyumba amekubali niende likizo baada ya Idi, inshallah.

Nisalimie kaka Hamadi anayekusomea barua hii, na shangazi Mkasi aliyenizalisha. Bibi Zuwena naye anakusalimu, anataka karafuu mbichi.

Nikifika, mama, usinitambulishe. Niache nikae naye, hata siku tatu, mpaka aniulize mwenyewe mimi ni nani.

Mwanao akupendaye,
Raya