Tawi la Kahawa Ndani ya Mac

Sekei, Arusha
Jumamosi, mwanzo wa mvua za vuli

Mpendwa dada Elinipa,

Shikamoo. Mvua imeanza leo asubuhi, na harufu ya udongo imeingia hadi chumbani kwako. Mashine yako ya kudarizi bado imefunikwa kwa ule mtandio wako wa kijani. Nimeona nikuandikie kabla sijaiwasha.

Unakumbuka ulivyoicheka kompyuta yangu ya Mac? Siku niliyoileta nyumbani uliizunguka kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani, ukasema, "Mdogo wangu, umenunua urembo. Hiyo haiwezi kudarizi hata kola." Nikakujibu kwamba laptop yako ina kelele kumshinda jogoo wa mama. Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Ile laptop yako haikuwaka tena baada ya msiba. Michoro yako ya kudarizi ilibaki kwenye flashi, na programu ya kuifungua ni ya mfumo wa Windows peke yake, ambao Mac yangu haikuwa nao. Ningeiacha tu, lakini Mama Naomi wa kwaya alikuja kuulizia kitambaa cha madhabahu ulichowaahidi, chenye tawi la kahawa. "Kama haifunguki usijiumize, mwanangu," alisema. "Tutachukua maua ya kwenye mtandao." Alisema kwa upole, ila yaliniuma. Niliona kama unaondoka mara ya pili.

Nikaenda kwa fundi wa kompyuta mjini. Akaniambia Windows inaweza kukaa ndani ya Mac, kama mpangaji mwenye chumba chake. Akaiweka. Nyumbani programu ilifunguka, kisha ikagoma. Ilitaka ufunguo wake, kile kidude chekundu cha kuchomeka pembeni, ulichokuwa ukikivaa shingoni pamoja na funguo za nyumba. Nikakichomeka. Mac ikauliza: nikiunganishe na Mac, au na Windows? Nikachagua Mac, maana ndiyo kompyuta yenyewe. Ikagoma. Nikarudia, ikagoma tena. Nikampigia fundi, machozi yakinilengalenga.

"Sasa dada, ufunguo wa mpangaji unampa mwenye nyumba wa nini? Mpe mpangaji!"

Nikachagua Windows. Tawi lako likatokea.

Nikabonyeza kile kitufe kinachoonyesha mishono ikifuatana jinsi ulivyoipanga. Ulianza na jani, kama ulivyoniambia tukipalilia kahawa ya baba kule mlimani: "Ua ni mgeni, jani ndiye mwenyeji." Nikauona mkono wako ukienda, ukirudi, ukipinda taratibu kwenye ncha. Jani la tatu lilikuwa na tundu. Nikadhani mchoro umeharibika, mpaka nikakumbuka ulichokuwa ukisema kila mteja alipolalamika: "Jani lisilo na tundu halijawahi kukaa shambani." Nililia, dada, ila si kile kilio cha msibani.

Nilimwonyesha Mama Naomi. Akaweka kidole kwenye kioo. "Hapa si umesahau kujaza?"

"Hapana, mama. Elinipa ndiye aliyeliacha hivyo."

Akacheka. "Mdudu wake huyo. Mwache ale."

Kwa hiyo leo nadarizi. Uzi ni ule wa kijani kibichi ulioununua sokoni Kwa Mrombo ukisema utakuja kufaa. Mama ameleta kigoda chake, ameketi karibu na mashine, jambo ambalo hajalifanya tangu uondoke. Ananiuliza kama nimeitia mashine mafuta. Nimeanza pia kuchora mchoro wangu mwenyewe, wa mgomba. Bado umekakamaa kama fimbo, lakini jani moja nimelitoboa.

Urembo wangu unadarizi, dada. Laiti ungekuwepo uuombe radhi.

Mvua imezidi, umeme bado upo, na mama ananiita tuanze. Pumzika. Nasi tulio bado shambani, utukumbuke.

Mdogo wako,
Penina