Yupo Mtu Aliyenipambia

Jumapili, 2 Machi

Ameondoka. Jana jioni, na lile begi kubwa. Yuko kwa dada yake.

Kisa? Beseni! Nimeoshea kabureta kwenye beseni la kukandia unga. Mara moja tu — haya, mara ya pili. Mke wangu akaingia jikoni, akaliona, akanyamaza. Angepiga kelele ningejua la kujibu. Akaenda sebuleni, akasimama mbele ya meza, na juu ya meza kulikuwa na giaboksi ya lori la mteja, imekaa pale tangu kabla ya mvua. Akasema yeye aliolewa na fundi, hakuolewa na gereji. Atarudi siku atakayofungua ule mlango akaona ameingia kwenye nyumba ya watu.

Aende! Mimi si mtu wa kubembeleza. Nimepika mwenyewe, nimekula mwenyewe. Chini kimeungua kidogo lakini kimelika.

Jumanne, 4 Machi

Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Watoto walishatoka zamani, kila mmoja na maisha yake. Sasa hata wa kuniuliza kwa nini nimechelewa hayupo.

Nimempigia simu. Akapokea, akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza giaboksi iko wapi. Nikasema ipo. Akakata.

Basi nimeibeba. Peke yangu! Mgongo unaniuma. Nimeirudisha gereji, nikaja mbio nikidhani nitakuta sebule ya maana. Loo! Mezani duara jeusi la oili, kama limechorwa. Ukuta mtupu. Makochi yana alama za vidole vyangu kila upande. Kumbe giaboksi ndiyo ilikuwa pambo pekee la nyumba hii.

Sinunui kitu dukani. Akikuta vya duka atasema nimetoa pesa tu, moyo sikutoa. Nitatengeneza mwenyewe, kwa mikono hii. Injini ngapi zimekatiwa tamaa nikazifufua? Nitashindwa na sebule?

Ijumaa, 7 Machi

Karibu nishindwe na sebule.

Nilichukua tairi kuukuu, nikalisugua kwa sabuni mpaka likanikubali. Juu nikagongomea ubao wa duara, chini vilevile. Halafu nikaanza kulizungushia kamba ya katani, kuanzia katikati ya ubao, mzunguko baada ya mzunguko. Kazi tamu. Ila gundi! Nikatumia ile ninayoijua, ya kuzibia pancha. Madirisha nimefunga, nisionwe na majirani. Baada ya muda harufu ikanipanda kichwani, nikajikuta nacheka peke yangu, sijui nacheka nini. Nimelala barazani na bado kichwa kinaniuma.

Leo nimebandua yote, nikaanza upya kwa gundi ya mbao. Nimemaliza saa hii. Jamani! Kigoda! Kigoda cha duara, kinene, hakuna anayeweza kuota kuwa kiliwahi kukanyaga lami. Nimekikalia. Nimesimama, nimekikalia tena. Nimekizunguka kukitazama kila upande, nikapiga mluzi.

Mimi ni fundi bwana!

Jumapili, 9 Machi

Shangazi kaja kunijulia hali, maana habari zimemfika. Kakaa kwenye kigoda, kakisifia, halafu macho yakamwendea kwenye lile duara la oili mezani. Akasema hapo hakuna dawa ila kitambaa cha kufuma.

Nikamwambia, "Basi nifundishe."

Shangazi yangu huyu alinifundisha kutembea, na hajawahi kunicheka. Leo kanicheka mpaka kashika mbavu. Alipoona sicheki, akafungua mkoba wake, akatoa uzi mweupe na ile sindano yenye kijidomo cha ndoano. Akasema, "Kaa hapa, mwanangu. Unatia ndani, unavuta, unatoa. Haya."

Jasho! Nimeshika spana miaka yote hii sijatokwa na jasho la namna ile. Uzi unakatika. Sindano inaponyoka. Na kila ninachokifunga nakaza kwa nguvu zote, kwa sababu mimi nimezoea kitu kikilegea watu wanakufa barabarani. Kitambaa badala ya kutandazika kikaanza kujikunja, kikapanda juu, kikawa kofia. Shangazi akakichukua akanivika kichwani. Kimenienea kabisa.

Akasema, "Legeza mkono, baba. Uzi huu hauna breki."

Kaniachia sindano na mfuko wa uzi. Kaapa hatamwambia mtu.

Alhamisi, 13 Machi

Natia, navuta, natoa. Hata usingizini.

Gereji nimegundua mahali pa kufumia — chini ya lori! Nalala chali kwenye ubao wa magurudumu, naingia mpaka kwenye difu, kule katikati ya magurudumu ya nyuma, natoa uzi mfukoni. Mwanga unatosha. Hakuna anayekuja kuchungulia mtu aliye chini ya lori. Leo mpaka rangi, yule mwenzetu anayepaka magari rangi, kaniona miguu tu, imetulia mno, akaita kuuliza kama nimekwama. Nikajibu kwa ukali kuna bolti imeota kutu, aniache.

Kaniacha.

Shida ni oili. Kidole kimoja tu kichafu na mzunguko mzima umekuwa mweusi. Nimefumua. Machozi yalikuwa karibu, siongopi. Sasa nanawa kwa unga wa mbao na sabuni kabla ya kugusa uzi, mpaka wenzangu wanauliza naenda kuposa wapi.

Na mkono umelegea! Sijui umelegea lini. Niliangalia tu nikaona kimelala tambarare kwenye tumbo langu, kimetulia.

Jumamosi, 15 Machi

KIMEKWISHA.

Nimekitandika mezani. Duara la oili limemezwa lote, hata ukingo hauonekani. Kingo zake nimezitia mawimbi, Shangazi kasema mawimbi hata wafumaji wa siku nyingi huyakimbia. Nikaweka juu chupa mbili nilizozizungushia kamba iliyobaki. Kile kioo kilichokuwa kimeegemea nyuma ya mlango nimekitundika ukutani na kukizungushia mnyororo wa baiskeli, nimeusugua mpaka unang'aa. Makochi nimeyafua.

Nikatoka nje, nikafunga mlango, nikaingia tena kama mgeni. Haki ya nani, nilitamani kuvua viatu.

Ndipo akaja Redio. Jirani yangu, mwanamke mwenye roho nzuri, ila jambo likiingia sikioni kwake mtaa mzima unalipata kabla ya chai. Alikuja kuomba kiberiti. Akasimama mlangoni, mdomo wazi. Akagusa kitambaa. Akauliza nani kanipambia nyumba namna hii.

Ningesema ni mimi. Neno moja tu! Lakini nikaiona gereji nzima Jumatatu, mpaka rangi akiniomba nimfumie soksi. Aibu ikanishika. Nikajikohoza, nikasema, "Yupo mtu."

Redio akasema, "Ahaa."

Akaondoka bila kiberiti.

Jumatatu, 17 Machi

Mpaka rangi kanipa mkono leo asubuhi. Kanipongeza. Kaniambia mzee wewe bado umo. Nikamuuliza pongezi za nini. Akakonyeza jicho, akasema kumbe ndiyo maana unanawa kila saa.

Nikaelewa. Moyo ukanilipuka paa!

Yupo mtu! Ndiyo maneno gani yale? Mke wa mtu kaenda kwa dada yake, mume kabaki, nyumba inachipua vitambaa vya kufuma, halafu mume mwenyewe anasema yupo mtu. Nimejitia kitanzi kwa mikono yangu. Nimepita kwa Redio kumweleza ukweli. Kanisikiliza kwa huruma kubwa. Kasema yeye ni mtu mzima, haya mambo yanatokea, wala nisihangaike kumtungia hadithi.

Jumanne, 18 Machi

Shemeji kapiga simu. Dada mtu, yule ambaye mke wangu yuko kwake. Sauti baridi. "Shemeji, tumesikia."

Nikaanza kueleza. Uzi, sindano, Shangazi, lori. Nikisikia mwenyewe ninavyoeleza, hata mimi nisingejiamini. Akasema, "Unafuma. Wewe. Chini ya lori." Halafu nikasikia simu inanyang'anywa, pumzi za mtu. Zile pumzi nazijua. Nikasema njoo uone mwenyewe. Simu ikakatika.

Usingizi hauji. Naogopa, na humo humo kwenye woga kuna furaha fulani ya kijinga — kakasirika! Mtu asiyekutaka hanyang'anyi simu.

Alhamisi, 20 Machi

Hakuna simu. Nimemkumbuka. Basi, nimeandika. Namtaka arudi, na kama hakurudi hivi vitu vyote nitavichoma.

Hapana, kitambaa sitakichoma.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika mbio mbio. Niko chumbani, mlango nimeurudishia. Wako sebuleni!

Wamekuja mchana huu bila hodi. Mke wangu mbele, dada yake nyuma. Begi hakuja nalo. Hakunisalimia. Kaingia chumbani moja kwa moja, kafungua kabati, kainama chini ya kitanda. Kakuta buti zangu. Kaenda jikoni, kaenda bafuni, kachungulia mpaka nyuma ya tangi la maji. Shemeji anamfuata, mkoba kifuani, tayari kwa vita.

Ndipo akasimama sebuleni, na sasa ndiyo akaiona. Nilimwona anavyoiona. Kioo. Kigoda. Meza. Akakigusa kitambaa kwa ncha ya kidole, akafuata mawimbi yale mpaka mwisho. Akauliza yuko wapi.

"Nani?"

"Mwenye mikono iliyofuma hiki!"

Nikainyoosha yangu. Na makovu yake yote, na kucha zake.

Shemeji alicheka hadi akakosa nguvu, akajikalisha kwenye kigoda. Ghafla akajitikisa kidogo, akauliza hiki kimenunuliwa duka gani. Mke wangu hakucheka. Akaokota sindano pale nilipoiacha, akanikabidhi, akakunja mikono. "Fuma nione."

Nikakaa. Kitanzi cha kwanza kikaponyoka. Nikasikia akivuta pumzi. Cha pili kikashika. Natia, navuta, natoa, na ikafika mahali nikasahau kama natazamwa. Nilipoinua macho kichwa chake kilikuwa karibu kabisa na changu, anatazama vidole. Akauliza nani kanifundisha. Nikasema Shangazi.

Akauliza kwa sauti ndogo, "Na kweli ulikuwa unafumia chini ya lori?"

Nikasema, "Kwenye difu. Kuna mwanga mzuri."

Hapo ndipo akashindwa! Kajiziba mdomo, mabega yanaruka, akageuka ukutani, akajiona kwenye kioo akicheka, akazidi. Akajipangusa macho, akajipangusa tena. Sijui kama machozi yote yalikuwa ya kucheka. Yangu hayakuwa.

Shemeji akaangalia saa, akasema twende, tutakosa gari. Mke wangu akajibu bila kugeuka, "Wewe tangulia. Mimi bado namkagua huyu."

Shemeji hajaondoka. Anasema hawezi kukosa sinema hii.

Mke wangu akatazama makochi. Akasema meza sawa, meza ameiona, mtu anaweza kubahatisha meza moja. Nianze vitambaa vya makochi, hapo hapo, mbele ya macho yake, na akiona nimesaidiwa popote nitamtambua. Nikaanza. Uzi ukaisha. Nimekuja chumbani kuchukua mwingine, na huku nimeshindwa kutoandika.

Anaita.

Anasema nisilete mweupe! Nilete wa kahawia, kwani mweupe kwenye makochi na mikono yangu hii utamtesa kufua.

Utamtesa kufua! Ndivyo alivyosema, nimesikia kwa masikio yangu, na Shemeji kasikia maana kapiga kigelegele kimoja kifupi akanyamazishwa.

Wa kahawia sina. Nimepekua droo, nimepekua mfuko wa Shangazi — mweupe, mweupe, mweupe. Dukani upo, mtaa wa pili tu, lakini mlango ni mmoja na wamekaa mbele yake. Nikipita atasema naenda kutafuta wa kunisaidia. Dirisha hili linafunguka vizuri, niliipaka bawaba grisi mwenyewe. Natokea hapa.