Jani Lililokataa Ufagio

Mjukuu wangu Mwanaisha,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Mabawa sote wazima, na mbuzi kazaa pacha.

Unauliza kama nimewahi kuona jani lililogeuka jiwe, kama hayo unayoyasomea chuoni. Nimeliona, tena nimeligombeza! Nilipoolewa nyumba hii, asubuhi ya kwanza nilifagia ua, jani moja likagoma kutoka kwenye jiwe la kutawadhia. Nikalikwangua hata kwa ukucha. Mama mkwe akacheka mpaka akakaa chini: “Hilo halitoki, mwanangu. Hata mimi nililifagia!”

Kumbe tulikuwa tunafagia msitu wa kale! Leo nimelimwagia maji, mishipa yake yote ikajitokeza. Sasa ami yako anataka kusakafia ua kwa saruji. Nimeweka kiti changu juu ya jiwe, na siondoki mpaka ufike.

Bibi yako