Biira, Kile Kidude Nilikigusa

Biira mwanangu,

Sijui kama huko uliko barua inafika. Lakini nimechoka kusema na udongo. Nikikaa kaburini watu wananisikia, wanasema mama Biira amerukwa na akili. Basi naandika.

Kile kidude nilikigusa.

Kile cha kupima moshi, ulichokipachika ukutani siku mlipoleta yale majiko ya makaa ya maganda ya kahawa. Ulisema, "Mama, usikiguse hata kidogo, ni mali ya chuo." Mimi nikaona masizi yanakipanda. Nikafikiri, mali ya chuo ikichafuka watamgombeza mtoto wangu. Nikakivalisha kavera, mfuko wa plastiki wa dukani, nikafunga na kamba ya mgomba. Siku mnayokuja nakivua, nakipangusa, mnakikuta kinang'aa. Wenzangu hapa Karambi wakaona, wakaiga. Hata Hajati, jirani yetu muuza maharage, alinitania: "Mama Biira, hii kidude unaifunika kama bibi harusi, iko na mahari?" Tulicheka. Mungu atusamehe, tulicheka sana.

Na bundu, ugali wetu wa muhogo, bado nilikuwa napika kwa kuni. Jiko lenu lilifaa chai, lakini ukisonga linayumba. Mlipouliza nilisema liko vizuri. Ningesemaje mbele ya walimu wako? Mtoto wangu aaibike kwa ajili ya chungu?

Nakumbuka ulivyojivuna, umekaa kwenye kigoda changu unatafuna muhogo: "Mama, chuoni watu wa mitambo hawasemezani na madaktari wa kifua, wala na watu wa kilimo. Moshi wako ndio umewaketisha meza moja." Siku hiyo nilijiona mtu.

Halafu ukarudi umekonda. Ukasema chuoni wanadai umeandika namba za kichwani, kwamba jikoni watu wanakohoa na kidude kinasema hewa safi. Ukaniuliza mara mbili, "Mama, hukukigusa?" Nikasema sikukigusa. Nilikuwa nimeshaelewa, Biira. Pale pale. Nikaogopa macho yako. Nikasema moyoni, asubuhi akinywa chai nitamwambia. Asubuhi nikakufungia ndizi za kuchoma, nikakusindikiza mpaka Bwera, ukapanda gari kwenda kujitetea, na mimi nimefunga mdomo. Hukufika hata Hima. Lori lile...

Siwezi kuandika hapo.

Walikuja kukuzika. Mwalimu wako mkubwa alisimama uani akakusifu, mtafiti hodari, watu wakalia. Baadaye nikamsikia kando ya gari lake akimwambia mwenzake, "Majiko ya Karambi tuyafute kwenye utafiti, yule binti alikuwa na haraka." Alikuwa amekula chakula changu, mikono hata haijakauka. Wote wale wenye akili, wa mitambo, wa kifua, wa kilimo, wamegombana juu ya moshi wangu, na hakuna aliyepanda mlima kumuuliza mwenye jiko. Wangekuja siku moja tu bila kutangaza, wangekikuta kimevaa.

Lakini wewe ulikuja. Wewe uliniuliza. Hilo ndilo linaloninyima chakula.

Kidude wamekichukua. Jiko lao limebaki, kuku anatagia humo. Kifua changu kinabana kama zamani.

Jumatatu nashuka. Sijawahi kupita Kasese mjini, na barabara ile naiogopa, nitafumba macho mpaka waniambie tumeipita. Hajati anakuja nami, yeye anajua kubishana na walinzi wa mageti. Chuoni nitasimama mbele yao na lugha yangu hii ya jikoni, niseme mwanangu aliandika kile alichokisoma, mimi ndiye niliyedanganya. Waliandike jina langu kwenye kitabu chao cha utafiti, hapo kwenye uongo, na lako waliondoe. Wakinicheka, wacheke. Wakinifukuza, nitakaa getini.

Lala, mwanangu. Msamaha siuombi leo. Nitakuja kuuomba nikirudi.

Mama yako