Kinasa Sauti cha Dainamo

Kasulu, Jumamosi, 1976

Eti gitaa langu linalia kama mbuzi mgonjwa! Gervas, kiongozi wa bendi yetu, alisema hivyo kule Kibondo mbele ya watu, kisha akanishusha jukwaani. Na ni yeye aliyekiua kinasa sauti cha gitaa hilo, kile kinachopeleka mlio wa nyuzi kwenye spika, kwa bisibisi, akidai anakitengeneza.

Leo Yohana, fundi redio, kanipa vinasa viwili nichague. Kimoja kakitoa kwenye mkono wa simu mbovu. Sauti yake tamu, inafaa kwaya. Kingine kakisuka kwa sumaku na waya za dainamo ya baiskeli. Tulipokiunganisha na redio yake nikagusa uzi mmoja tu, kikanguruma mpaka kuku wa jirani wakatawanyika.

"Hiki kitawaudhi watu, mdogo wangu."

"Ndicho ninachokitaka, kaka. Kifunge."

Dansi lijalo Kibondo nitapanda, wapende wasipende, na ule muziki mzito wa Wazungu ninaousikia redioni. Nitamkomesha Gervas. Nataka nimwone akiziba masikio.

Yohana akikaza skrubu ya mwisho, akaniuliza nitaanza na wimbo gani.

Nikazipitia nyimbo zangu kichwani. Kila wimbo ninaoweza kuupiga, alinifundisha Gervas.