Kipimajoto cha Mama Tumaini Kimekuwa Flashi

Jumamosi, Njombe. Ukungu umegoma kuondoka, vidole vinaganda, na mimi nacheka peke yangu barabarani.

Ila niungame kwanza.

Kifaa changu cha kupima joto la ghala la mbegu za viazi kilihitaji USB, na njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, kubandika pembeni kichipu cha kuitafsiria kompyuta lugha ya kifaa: kazi ya siku moja, lakini kila kompyuta lazima iwekewe programu yake. Ya pili, chipu kuu yenye USB ndani yake, kifaa kionekane kama flashi. Hiyo ingenitoa jasho wiki nzima.

Nikachagua ya kwanza. Uvivu mtupu, nikauita utaalamu.

Mama Tumaini, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa mbegu kule Matembwe, akakiweka ghalani. Jumamosi iliyopita akakifunga kwenye kitenge, akaja nacho hapa mjini, moja kwa moja steshenari, maana karatasi zote za kikundi huchapwa hapo. Dada wa steshenari akachomeka. Kimya. Kuweka programu hawezi, bosi wake kafunga kompyuta kwa nywila. Mama akanipigia.

"Mwanangu, flashi hata mimi naijua. Hiki kidude chako kinataka nini?"

Jamani, aibu niliyoisikia! Na Jumatatu hii kikundi kinakaa kuamua kama kifaa kibaki au nirudishiwe. Miezi yangu minne ya kazi!

Basi nikakifuata kifaa, na wiki nzima nimejifungia nacho nyumbani Makambako. Nimebadilisha chipu, nimeandika programu upya, nimehamisha vipimo vyote vya ghalani, nimeunguza vidole viwili nikilehemu.

Leo, steshenari ileile. "Kamwene, fundi," mama akasalimu, bila tabasamu. Nikanyoosha mkono nichomeke.

"Sogea."

Akachomeka mwenyewe. Likatokea faili moja tu, lenye jina la ghala lake. Nilitaka kuruka! Printa ikakohoa, karatasi ikatoka, akashusha kidole mstari kwa mstari mpaka pale joto lilipopanda ghafla.

"Hee! Siku hii mlango uliachwa wazi. Na aliyeuacha namjua!"

Akaikunja karatasi, akaisokomeza kwenye kitenge. "Jumatatu nitaongea mimi. Wewe njoo ule viazi."

Kifaa kinachofuata, kabla sijagusa waya, naanzia steshenari. Hivi ningepungukiwa nini kumuuliza mapema atachomeka wapi?