Kofia Juu ya Simu

Bulyaga,
Tukuyu.
18 Mei 2025

Mpendwa wifi yangu Tumpe,

Ugonile? Huku tumeamka salama. Baridi imeanza kung'ata na mvua nayo haitaki kuaga. Vipi Kigamboni, joto limepungua? Na kile kifua chako kimepona, au bado unakohoa? Mimi sijambo. Kaka yako Ackson hajambo, ila kusahihisha mitihani kunamchosha. Baba mguu unaendelea vizuri tangu tumlete kutoka Ikuti, sasa anatembea mwenyewe hadi getini. Mama ndiye anayemhudumia, naye ni mzima.

Boksi hili ni la parachichi na ndizi, mama amezichagua moja moja. Usinicheke kwamba nimekuandikia kwa kalamu. Kwenye simu ningeandika, nikafuta, nikaandika tena, nikafuta, na ninachotaka kukwambia kingebaki tumboni.

Wifi, nakuonea wivu. Haya, nimesema. Tangu uanze kurusha laivu gemu lako la mpira na watu elfu moja wakawa wanakutazama, hapa nyumbani hatupumui. Kanisani habari ya baba ni Tumpe, kliniki ni Tumpe, hata muuza maziwa anajua umefunga mabao mangapi. Mimi ndiye ninayempikia na kumchemshia maji ya mguu, lakini jina langu sijawahi kulisikia likitoka chumbani kwake.

Mila yetu unaijua, mkwe wa kike na baba mkwe hawatazamani wala hawasalimiani. Vijana wengi wameiacha, baba yako hajaiacha. Yeye yuko chumba cha uani, mimi huku mbele. Nikitaka kwenda bombani nakohoa kwanza, nikisikia naye amekohoa nasubiri apite. Mwaka wa sita huu wa ndoa sijawahi kumpa shikamoo. Sasa mtu ambaye huongei naye, utajuaje kama anakuona wa maana?

Basi nikajiambia, Tumpe ana nini nisicho nacho? Pedi ya kuchezea gemu ninayo, kompyuta ya Ackson ipo, na mdomo Mungu alinijalia. Wewe unacheza kimya na muziki wako nyuma. Mimi natangaza mchezo mwenyewe kama redioni, mpira uko kwa nani, unakwenda wapi, nani kalala. Ndivyo nilivyopata nafasi kwenye ile ligi ya wanawake. Sharti lao unalijua, kila mchezaji arushe mechi zake laivu, na laivu ikikatika mara tatu unatolewa.

Mechi ya kwanza ilikatika. Ya pili vilevile. Jumamosi saa kumi jioni, dakika kumi hivi zinakwenda vizuri, halafu picha inaganda, sauti inakatakata, programu inaniandikia kwa maandishi mekundu kwamba picha mia kadhaa zimedondoka njiani. Watazamaji wangu wenyewe kumi na mmoja, wifi! Kumi na mmoja, halafu wanaangalia mtu aliyeganda mdomo wazi.

Nikakuuliza. Ukanijibu vizuri tu, lazima niwe mkweli. Funga programu zingine, shusha picha kutoka 1080 hadi 720, na uache waifai, unganisha kompyuta kwenye ruta kwa waya. Ya kwanza na ya pili nilifanya. Ya waya nilikasirika. Nilisema moyoni, huyu amepata intaneti ya nguvu huko mjini, sasa anaona sisi wa Tukuyu hata waifai hatuijui. Sikununua waya. Nilihamisha ruta dirishani, nikaigeuza upande wa mnara, nikaipandisha juu ya kabati. Wapi! Na siku zisizo za mechi nilikuwa nafungua laivu yako naomba na wewe ukwame hata dakika moja tu. Hukukwama, na Mungu anisamehe.

Ijumaa moja nikaingia kwenye ukurasa wa ruta nione ni simu zipi zimeunganishwa. Ya kwangu, ya Ackson, na ya baba. Na ya baba ilikuwa imekula sana Jumamosi zote mbili, kuanzia saa kumi. Saa kumi, wifi! Saa ambayo na wewe uko laivu. Nilisikia moto kichwani. Kumbe mzee amekaa huko uani, mbali na ruta, ukuta mnene katikati, waifai yote inahangaika kumfikia, anavuta laivu ya binti yake, na mimi ndiye ninayekwama! Hata intaneti ya nyumba hii ni ya Tumpe?

Nikabadilisha paswedi. Sikumwambia mtu, hata Ackson nilimwekea mwenyewe kwenye simu yake nikanyamaza.

Kesho yake mechi iliteleza kama mlenda. Hakuna hata picha moja iliyodondoka. Nikashinda tatu kwa moja, nikabaki kwenye ligi. Kitu kimoja tu nilikiona, watazamaji walikuwa kumi. Yule asiye na picha, ambaye jina lake ni tarakimu tupu na hajawahi kuandika neno, hakuwepo. Nikajisemea, aende zake.

Jioni mama akaja jikoni, akakaa kwenye kigoda, akaanza kunisaidia kumenya ndizi. Akaniuliza, "Mwanangu, unaumwa?" Nikasema siumwi. "Mbona leo hukucheza? Mzee tangu saa kumi anabonyeza simu, anasema haisemi."

Nikamwambia mama, anayemtafuta ni Tumpe. Mama akacheka mpaka kisu kikamdondoka.

Wifi, baba alikuwa ananisikiliza mimi. Tangu mechi ya kwanza. Ackson alimfungulia siku moja, akashika njia. Anaiweka simu kitandani, anaifunika kwa kofia yake ili asiuone uso wa mkwe wake, halafu anakaa pembeni anasikiliza mpira. Mama anasema ya kwako huwa anaitazama, anafurahi kukuona, lakini haimalizi kwa sababu haina mtangazaji. Ya kwangu hataki hata mtu apite na ndoo. Na amemtuma mama mara mbili aniambie beki wangu wa kushoto anapanda sana, mama akaogopa kwamba nitakasirika.

Nililia, wifi, na usidhani ni vitunguu. Mtu wa kumi na moja ndiye huyo, na nilimfungia mlango kwa mkono wangu kwa sababu ya wivu wangu kwako.

Usiku uleule nikarudisha paswedi. Lakini ligi nayo niliitaka, maana nikikatika mara moja tu basi. Jumatatu nikashuka sokoni, nikanunua waya mrefu wa intaneti, nikakumbuka maneno yako na aibu ikanishika. Kisha Ackson akaichukua simu ya baba, akaishusha picha hadi kiwango cha chini kabisa. Mtu anayefunika simu kwa kofia ana haja gani na picha safi? Sauti ikabaki ilivyokuwa.

Jana ndiyo ilikuwa mechi. Saa kumi kamili nikaingia, nikatazama pembeni, watazamaji kumi na mmoja. Mila inasema tusitazamane na tusisalimiane, lakini mimi pale nilikuwa nazungumza na watazamaji wote, sikuwa nimemkabili mtu. Nikasema kwenye maiki, "Ndugu watazamaji habari za jioni, na kwa wazee wote wanaotusikiliza, shikamooni." Nikaendelea kutangaza.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba ninachosema laivu humfikia mtazamaji kimechelewa. Kwangu huwa sekunde ishirini hivi. Nilikuwa nimeshapoteza mpira katikati, nimeshasahau hata nilichosema, ndipo nikasikia kutoka uani, dirisha likiwa wazi, sauti ya baba yako.

"Marahaba, Atuganile."

Nilifungwa bao palepale. Mechi ikaisha mbili kwa mbili, na laivu haikukatika hata mara moja. Kwa hiyo nisamehe, wifi, kwa yale maombi yangu mabaya, na asante kwa ushauri wa waya. Kama una dawa nyingine za kukwama niletee zote. Lakini hizo sekunde ishirini usinifundishe kuziondoa. Jumamosi ijayo nataka kuzisubiri tena.

Msalimie shemeji Prosper, na Anneth mwambie shangazi... aa, nimekosea, mimi kwake ni mke wa mjomba. Mwambie parachichi kubwa kuliko zote ni lake. Mama anakusalimu, Ackson anakusalimu. Baba naye anakusalimu sana, na kama unataka amalize mechi yako, wifi, tangaza. Mungu akutunze wewe na nyumba yako, kifua kipone kabisa. Ndaga fijo, asante sana.

Ni mimi wifi yako akupendaye, wivu na yote,
Atuganile